Mwakilishi Wadi Apimwe kwa Lipi? Maadili ya Jamii na Kura ya Agosti 2027

Tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watarudi debeni, na kila mpiga kura atakabidhiwa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wadi. Hiyo ya sita ndiyo inayojadiliwa kwa uchache zaidi kitaifa, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na soko, zahanati, chekechea na mtaro wa maji mbele ya nyumba ya mpiga kura. Wadi zote nchini ni 1,450. Katika kila mojawapo watajitokeza wawaniaji kadhaa, na karibu wote wataahidi jambo moja: kwamba wanabeba maadili ya jamii yao.

Hakuna anayepinga kiongozi mwenye maadili. Mkanganyiko huanza pale mwananchi anapotakiwa kuamua nani anayo na nani hana. Wazee wa ukoo humtaka aliyezaliwa na kulelewa kwao, anayejua kusalimia na kusikiliza. Muumini humtaka mcha Mungu. Kijana asiye na kazi humtaka asiyewasahau walalahoi. Mwanaharakati humtaka mwenye mikono safi, na mwalimu humtaka anayeweza kusoma bajeti akaielewa. Vigezo hivi hugongana, na mwaniaji mjanja huonyesha sura moja matangani, nyingine msikitini au kanisani, nyingine kwenye kijiwe cha bodaboda. Matokeo yake ni malalamiko yanayorudi kila baada ya miaka mitano: tulimchagua mtu wetu, lakini hakutufaa.

Uchambuzi huu unaeleza kazi halisi ya mwakilishi wadi, kisha unapima vigezo vitano ambavyo wapiga kura hutumia zaidi. Hoja yake kuu ni kwamba maadili ya kiongozi wa wadi yanaonekana kwa jinsi anavyolinda mali ya wote, na kwamba kigezo chochote kisichotufikisha hapo hakitoshi peke yake.

Kazi mpya, matarajio ya zamani

Kabla ya 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza ya miji, manispaa na wilaya 175, yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Diwani wa enzi hizo alikuwa na mamlaka finyu, kwa kuwa waziri aliyekuwa Nairobi ndiye aliyeshikilia hatamu. Nguvu yake kubwa ilikuwa ya kuombea watu: amsaidie mchuuzi apate kibanda, ampeleke mgonjwa hospitalini, asimamie mazishi ya jirani.

Katiba ya 2010 iliyafuta mabaraza hayo, na baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013 mabunge 47 ya kaunti yakaanza kazi. Kifungu cha 185 cha Katiba kinayapa mabunge hayo mamlaka ya kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na kuisimamia serikali ya gavana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inafafanua zaidi. Bunge la kaunti hupiga msasa walioteuliwa kuwa mawaziri wa kaunti, hupitisha bajeti na huidhinisha mikopo. Mjumbe mmoja mmoja anatakiwa kuwasiliana na wapiga kura wake kwa ukaribu, kuwasilisha maoni yao bungeni na kuhudhuria vikao vya kamati.

Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kina sharti ambalo wapiga kura wengi hawajawahi kulisikia. Mjumbe wa bunge la kaunti haruhusiwi kushiriki, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wa kaunti. Kwa maneno mengine, sheria haimtaki achimbe kisima. Inamtaka ahakikishe kisima kimewekwa kwenye bajeti, zabuni imetolewa kwa haki, na maji yametoka.

Fedha zinazohusika si haba. Katiba inataka kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao wa kaunti zote ulifika shilingi bilioni 415. Juu ya hizo yako makusanyo ya kaunti zenyewe: leseni za biashara, maegesho, kodi ya ardhi, ushuru wa soko. Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti afya, kilimo, masoko, barabara za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, uzimaji moto na usafi. Shule za msingi na sekondari, polisi na vitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa.

Pengo kati ya kazi hii na matarajio yaliyorithiwa ndilo chanzo cha kwanza cha mkanganyiko. Wananchi wengi bado humwita mjumbe wao diwani, na humpima kwa kazi za diwani wa zamani.

Kwa nini pengo halijazibika

Sababu ya kwanza ni umaskini. Mama ambaye mwanawe amefukuzwa shule kwa ajili ya karo hana nafasi ya kungoja kamati ya bajeti. Anahitaji msaada leo, na mtu aliye karibu naye mwenye cheo ni mwakilishi wadi. Kumlaumu mama huyo ni kukosea shabaha. Mfumo umemwachia mlango mmoja tu wa kubisha.

Sababu ya pili ni kwamba kazi ya kweli ya mjumbe haionekani. Swali lililoulizwa katika Kamati ya Uhasibu halipigwi picha, lakini mabati yaliyopelekwa shuleni yana picha, wimbo na shangwe. Mjumbe aliyezuia shilingi milioni kadhaa zisipotee hana cha kukata utepe.

Sababu ya tatu imetoka kwa wanasiasa wenyewe. Wabunge walijijengea umaarufu kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge tangu 2003, na wajumbe wa kaunti wakaomba hazina zao za wadi. Kaunti kadhaa zilitunga sheria za kuziunda. Mwezi Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitangaza Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba, ikieleza kwamba anayetunga sheria na kusimamia hapaswi pia kuwa mtekelezaji. Mantiki hiyo inagusa hazina za wadi vilevile. Hata hivyo mpiga kura ameshazoea kuuliza, "Umetuletea nini?" na mwaniaji ameshazoea kujibu kwa vitu.

Kigezo cha kwanza: mwana wetu

Wanaoshikilia kigezo hiki wana hoja nzito. Uwakilishi unadai ujuzi wa mahali. Aliyeishi wadini anajua daraja linalozama mvua za Aprili zikinyesha, anajua zahanati isiyo na muuguzi usiku, anajua ugomvi wa mpaka uliolala tangu enzi za babu. Jamaa na majirani zake wanaweza kumwita wakamkanya, jambo lisilowezekana kwa mtu anayeishi mbali na kurudi wakati wa kura. Katika maeneo yaliyowahi kushuhudia mapigano ya koo, makubaliano ya wazee kuhusu nani agombee nafasi ipi yamesaidia kupunguza uhasama na kuhakikisha koo ndogo nazo zinapata kiti.

Udhaifu wake ni mkubwa pia. Kwanza, wadi nyingi za leo hazina ukoo mmoja. Nairobi ina wadi 85, na katika mitaa kama Mathare, Kayole au Eastleigh mtu huishi ukuta kwa ukuta na majirani wa asili mbalimbali. Kusema mwana wetu katika wadi kama hiyo ni kuwatenga nusu ya wapiga kura kabla mjadala haujaanza. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walijua kwamba wakati mwingine tiba hutoka nje ya boma.

Pili, mabaraza mengi ya wazee huketi wanaume pekee. Katika uchaguzi wa 2013 wanawake 82 pekee walichaguliwa moja kwa moja kuwakilisha wadi. Mwaka 2017 wakawa 96 kati ya 1,450. Sababu za uchache huo ni nyingi, lakini moja ni kwamba mwanamke aliyeolewa hutajwa kuwa wa kwao katika wadi ya mumewe na kuwa wa kwa mumewe katika wadi ya baba yake. Kigezo cha mwana wetu kinamkosesha pote pawili.

Tatu, baraka ya wazee si kauli ya wapiga kura wote. Kaunti ya Mandera imetoa mfano ulio wazi. Mwaka 2013 maelewano ya wazee wa ukoo wa Garre yalimsaidia Ali Roba kuwa gavana. Mwaka 2017 wazee haohao walitaka viongozi waliokuwa madarakani waachie wengine. Roba alikataa, akaenda kwa wananchi na kuchaguliwa tena. Kisa hicho kinahusu ugavana, lakini funzo lake linafika hadi wadini: sauti ya wazee ni ya kuheshimiwa, ila kura ni ya kila mtu.

Kigezo cha pili: mkono mtupu haulambwi

Harambee iliijenga Kenya. Shule, zahanati na mabomba ya maji vilitokana na wananchi kuchangishana tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Kusaidiana matangani na kwenye ada za hospitali ni utu ambao jamii zetu zinautukuza, na thamani yake haipingiki. Mwaniaji asiyewahi kumshika mkono jirani yake kabla ya kutaka kura hana budi kutiliwa shaka. Hapo kigezo cha ukarimu kina nguvu: kinafichua ubinafsi.

Tatizo ni chanzo cha fedha na wakati wa kuzitoa. Mwaniaji anayegawa pesa kila wikendi kwa miaka miwili ameingia gharama ambayo mshahara wa mjumbe hauwezi kuirudisha. Akishinda atarudisha kwa njia gani? Njia zilizo karibu ni zabuni kupitia kampuni za jamaa, marupurupu ya vikao na safari, na bahasha kutoka kwa serikali ya gavana ili anyamaze. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimetaja mara kwa mara kiasi kikubwa cha fedha ambacho mabunge ya kaunti hutumia kwa usafiri wa ndani na wa nje. Mkazi aliyepokea mia mbili wakati wa kampeni hulipia mara nyingi zaidi kwa dawa zinazokosekana zahanatini.

Sheria imejaribu kuweka mpaka. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, hadi ilipofutwa mwaka 2025, ilimzuia mtumishi wa umma kutumia ofisi yake kuchangisha harambee, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inafanya kuhonga wapiga kura kuwa jinai. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango ya hadhara. Mwezi Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais kwa parokia moja ya Soweto zirejeshwe. Hatua hiyo ilizua mjadala mkali kwa sababu iligusa mahali penye maumivu: je, mchango wa mwanasiasa ni sadaka au ni malipo ya awali ya kura?

Basari ni mfano wa karibu zaidi. Katika kaunti nyingi fomu za basari hupitia ofisi ya wadi, na mjumbe huonekana kama mfadhili ingawa fedha ni za mlipa kodi. Mwezi Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitoa waraka uliozuia kaunti kutoa basari za elimu isiyo chini yao bila makubaliano na serikali ya kitaifa. Magavana walipinga na suala likafika mahakamani. Lililo muhimu kwa mpiga kura ni kutofautisha mtu anayetoa chake na mtu anayegawa cha umma kwa jina lake.

Kigezo cha tatu: mcha Mungu, mwenye mikono safi

Wapo wanaosema tuanzie kwa tabia. Asiyeaminika nyumbani hawezi kuaminika na hazina. Katiba yenyewe inawaunga mkono: Sura ya Sita inadai uadilifu wa kiongozi, na Kifungu cha 193 kinataka mwaniaji wa wadi atimize masharti ya elimu na ya kimaadili. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamtaka ajaze fomu ya kueleza mwenyewe historia yake.

Nguvu ya kigezo hiki ilionekana katika kisa cha Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi. Bunge la Kaunti ya Nairobi lilimng'oa mamlakani mwezi Desemba 2020 na Seneti ikathibitisha. Alipotaka kuwania ugavana wa Mombasa mwaka 2022, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa mwezi Julai ulioidhinisha kuondolewa kwake, na safari yake ya debeni ikaishia hapo. Mchujo wa maadili unaweza kufanya kazi.

Lakini unafanya kazi polepole. Kifungu hicho cha 193 kinasema mtu hazuiwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe. Sharti hilo lina haki ndani yake, kwa kuwa bila hilo mshindani angeweza kumfungulia mwenzake kesi ya kubuni wiki moja kabla ya uteuzi. Gharama yake ni kwamba mwenye kesi ya ufisadi inayovutwa mahakamani kwa miaka anaweza kugombea, akashinda na akamaliza muhula. Kwa hiyo cheti cha kuruhusiwa kugombea si cheti cha usafi. Sheria huweka kiwango cha chini kabisa. Mpiga kura ana ruhusa ya kudai zaidi.

Kuhusu dini, tahadhari inahitajika. Uchaji wa kweli hujenga kiongozi, ila uchaji wa hadharani ni rahisi kuigiza. Viongozi wa dini wenyewe wameliona hilo. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alitangaza kuwa wanasiasa hawatahutubia tena kutoka mimbarini. Na katika wadi yenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, kumpima mwaniaji kwa dini yake ni kuamua mapema kwamba baadhi ya wakazi hawahesabiki kuwa wa nyumbani. Swali la haki kwa wote ni kama anatimiza neno lake, analipa madeni yake, anawatendea vyema wafanyakazi wake na hana unyanyasaji nyumbani. Majibu ya maswali hayo majirani wanayajua.

Kigezo cha nne: msomi

Bajeti ya kaunti ni kitabu kinene. Mjumbe asiyeweza kukisoma atategemea muhtasari wa wale anaopaswa kuwasimamia, na hapo usimamizi umekufa. Ndiyo maana Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi likitaka wawakilishi wadi wawe na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ililitupa sharti hilo kwa kuwa lilikiuka haki ya kugombea.

Uamuzi huo una mantiki ya kijamii. Elimu nchini haikugawanywa sawa. Wadi za Turkana, Tana River au vitongoji duni vya mijini zina wahitimu wachache kuliko wadi za matajiri, na sharti la shahada lingewaruhusu wanaoishi mbali waje kuwakilisha wasiowajua. Isitoshe, waliotajwa katika kashfa nyingi za kaunti hawakukosa shahada.

Hata hivyo, kutupwa kwa sharti hakuondoi hitaji. Uwezo wa kusoma makadirio, kuelewa ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kuandika hoja ni wa lazima, iwe ulipatikana darasani, kwenye chama cha ushirika au katika kamati ya maji. Mwenyekiti wa chama cha akiba ambaye hesabu zake zimesimama kwa miaka kumi anaweza kuwa na uwezo huo kuliko mhitimu asiyewahi kusimamia chochote.

Kigezo cha tano: chama

Wapiga kura wengi huchagua chama kutoka karatasi ya kwanza hadi ya sita, kwa ule mtindo unaoitwa suti. Utetezi wake ni kwamba bunge la kaunti linafanya kazi kwa wingi wa kura. Mjumbe aliye peke yake hata akiwa mwadilifu hawezi kupitisha mradi. Chama pia kinapaswa kuwa na sera, na mpiga kura anaweza kukiadhibu kikishindwa.

Kwa upande mwingine, gavana na wajumbe wengi wakitoka chama kimoja, usimamizi hulegea. Nairobi ilionyesha kwamba hata tofauti ya vyama haitoshi. Baada ya uchaguzi wa 2022 kaunti hiyo ilipata Gavana Johnson Sakaja wa UDA, chama cha Rais Ruto, huku mrengo wa Azimio wa Raila Odinga ukiwa na wajumbe wengi. Mwezi Septemba 2025 wajumbe walikusanya saini za kumng'oa, kisha hoja ikasimama baada ya Rais Ruto na Raila Odinga kuzungumza na wajumbe wa pande zao. Iwapo Sakaja alistahili kuondolewa au la ni suala jingine. Kilichodhihirika ni kwamba uamuzi wa kaunti unaweza kuhamia kwa vigogo wa vyama, na aliyechaguliwa na wakazi akapokea maagizo kutoka juu.

Katika ngome za chama kimoja mambo ni magumu zaidi. Hapo mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na tiketi hugeuka bidhaa. Katiba imeacha mlango wa mgombea huru, anayehitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi. Mlango huo humwokoa mtu mzuri aliyenyang'anywa ushindi, ingawa humwacha bila wenzake wa kumuunga mkono akiingia bungeni.

Kuvipima pamoja

Vigezo vyote vitano vina ukweli, na kila kimoja kikitawala peke yake huzaa madhara yake: ukabila, hongo, unafiki, utabaka au utumwa wa chama. Njia ya kutoka ni kuviweka vyote chini ya swali moja: mtu huyu atafanya nini na mali isiyo yake?

Chukua ushuru wa soko. Mama mboga hulipa kila asubuhi kabla hajauza hata fungu moja la sukuma wiki. Kiwango anacholipa kimewekwa na Sheria ya Fedha ya Kaunti, inayopitishwa na bunge la kaunti. Choo cha soko kimefungwa, taa haziwaki na paa linavuja. Mwaniaji wa kwanza anaahidi kumpa mwavuli wenye picha yake. Wa pili anaahidi kuufuta ushuru usilipwe kabisa, jambo ambalo hana mamlaka nalo peke yake. Wa tatu anauliza soko hilo hukusanya kiasi gani kwa mwaka, kiasi gani kilirudi kulikarabati, na nani alipewa kandarasi ya choo. Huyu wa tatu ndiye aliyebeba maadili ya jamii, hata kama lafudhi yake ni ya kwingine na mkono wake hauna mwavuli. Amemheshimu mama yule vya kutosha kuulizia jasho lake.

Kwa kipimo hiki ukaribu na wadi unabaki na thamani, kwa sababu asiyejua soko hajui cha kuuliza. Ukarimu unabaki na thamani ukiwa wa muda mrefu na wa mfukoni mwake. Uadilifu wa nyumbani ni dalili nzuri, elimu ni chombo, chama ni jeshi la kupitishia hoja.

Kwa anayetetea kiti, kazi ni rahisi kwa kuwa kumbukumbu zipo. Kalenda ya bajeti inajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwe wazi na lishirikishe umma. Wakazi wanaweza kuuliza: aliitisha mikutano ya maoni, au aliketi na wapambe wake? Alitoa hoja gani kwa mujibu wa Hansadi? Kaunti ilipotakiwa kutenga angalau asilimia 30 kwa maendeleo, alipigania wadi yake ipate nini? Ripoti ya ukaguzi ilipotaja hasara, alisema lipi?

Kwa mwaniaji mpya, tazama aliyowahi kusimamia: kamati ya shule, chama cha ushirika, jumuiya ya waumini, kikundi cha bodaboda. Alitoa hesabu? Alikubali kuondoka muda ulipoisha? Wanawake na vijana walisikilizwa mbele yake? Na mchezo mzima wa kampeni zake unagharimiwa na nani?

Kuna pingamizi la haki hapa. Vipimo hivi vinahitaji muda na taarifa, na mpiga kura anayetafuta chakula cha jioni hana vyote viwili. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kubebwa na mtu mmoja mmoja. Vikundi vya akina mama, jumuiya za dini, vyama vya wafanyabiashara na redio za jamii vinaweza kuwaita wawaniaji wote mbele ya wakazi, vikawauliza maswali yaleyale na kuyahifadhi majibu. Baraza la wazee lililozoea kumtangaza mmoja linaweza kufanya kazi yenye heshima zaidi kwa kuwahoji wote, huku wanawake na vijana wakiwa na viti ndani yake.

Hitimisho

Wapiga kura hukanganyikiwa kuhusu maadili ya wawakilishi wadi kwa sababu kazi ya cheo hicho ilibadilika mwaka 2013 bila matarajio kubadilika, kwa sababu umaskini huwafanya watu wahitaji mfadhili kuliko msimamizi, na kwa sababu usimamizi mzuri hauonekani kwa macho. Uenyeji huleta ujuzi na uwajibikaji lakini huwatenga wengi, hasa wanawake. Ukarimu huonyesha utu lakini hugeuka mtaji unaodai faida. Uadilifu ni wa lazima, ingawa sheria huuchuja polepole na dini huigizwa. Elimu inasaidia, ila shahada si kipimo chake pekee. Chama hutoa nguvu, na kinaweza kuinyang'anya wadi sauti yake.

Anayestahili kura ni yule ambaye, kwa rekodi yake, ameonyesha kwamba anatoa hesabu ya kilicho cha wengine na anadai hesabu kwa wenye nguvu kuliko yeye. Jamii zetu zimekuwa zikimsifu mtu wa namna hiyo kwa vizazi vingi katika vyama vya akiba, katika kamati za visima na katika mirathi. Karatasi ya sita inadai kipimo hichohicho, kwa mali iliyo kubwa zaidi na kwa miaka mitano kamili.